Kabla ya kupiga hodi Sungai Utik: mambo ya kuzingatia

Vijijini kwetu nyumba hutawanyika: moja hapa, nyingine ng'ambo ya shamba la mihogo, ya tatu huko chini bondeni. Sungai Utik haiko hivyo. Kijiji hiki cha Waiban, mojawapo ya makabila ya Wadayak wa kisiwa cha Borneo, kinakaa chini ya paa moja. Kiko Kapuas Hulu, Kalimantan Magharibi, upande wa Indonesia, kaskazini kidogo ya mstari wa ikweta. Nyumba yenyewe ni ndefu, ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo, na ina milango ipatayo 28 kwa safu moja. Nyuma ya kila mlango kuna familia na jiko lake. Mbele ya milango yote linapita baraza moja lisilo na ukuta wa kuligawa, nalo huitwa ruai. Hapo ndipo mikeka inaposukwa, wazee wanapokaa kikao, watoto wanapokimbizana, na mgeni anapokaribishwa.

Nimeanza na umbo la nyumba kwa sababu maandalizi yote yanaanzia hapo. Anayefika bila taarifa hajaingia kijijini tu. Ameingia sebuleni mwa watu wapatao mia tatu kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo hodi ya Sungai Utik hupigwa wiki kadhaa kabla, si mlangoni. Tafuta mwongoza wageni wa Putussibau, makao makuu ya wilaya, akupelekee ujumbe kwa tuai rumah, yaani mkuu wa nyumba. Mweleze wewe ni nani, mko wangapi, mtakaa siku ngapi na mnakwenda kufanya nini. Uliza pia kama nyumba ina msiba. Waiban wana kipindi cha maombolezo kinachoitwa ulit, na katika kipindi hicho ngoma na shamrashamra huzuiwa. Ukiambiwa usogeze safari, isogeze bila kunung'unika. Ukishafika, hakikisha umetajwa kwa viongozi wa kijiji. Kote Indonesia utaona vibao vinavyomtaka mgeni ajiandikishe ndani ya saa 24. Aliyekulia Tanzania chini ya balozi wa nyumba kumi hatashangaa.

Jambo la pili la kubeba ni historia ya msitu wao, maana mgeni asiyeijua atadhani masharti ya pale ni ukali tu. Katika miongo ambayo makampuni ya magogo yaliichana Kalimantan, majirani wengi walipokea fedha na kuacha mashine zipite. Watu wa Sungai Utik walikataa. Aliyejulikana zaidi katika msimamo huo ni mzee Bandi, ambaye kila mtu humwita Apai Janggut, yaani Baba Ndevu, kwa ndevu zake ndefu nyeupe. Mwaka 2019 kijiji kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, tuzo ileile waliyopata Mikoko Pamoja, watunza mikoko wa Gazi, pwani ya Kenya, mwaka 2017. Mwaka 2020 serikali ya Indonesia ikautambua msitu wao, takriban hekta 9,480, kuwa msitu wa mila. Mwaka 2023 Apai Janggut alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Gulbenkian, itolewayo na wakfu wa Ureno. Mwenzake mmoja alikuwa Mwafrika, Cécile Bibiane Ndjebet wa Kamerun.

Kiindonesia huuita msitu wa aina hii hutan adat. Hilo neno adat ni ndugu wa ada yetu, yote mawili yakitoka Kiarabu, na maana yake haijapotea njiani: ni desturi iliyorithiwa, yenye wazee wa kuilinda na faini kwa anayeivunja. Wenyewe wameugawa msitu sehemu tatu. Kampung taroh haulimwi wala haukatwi, kwa kuwa ndio chanzo cha maji na makazi ya wanyama. Kampung galao ni akiba, huchukuliwa kuni, dawa na miti kidogo kwa kibali. Kampung endor kerja ndipo panapofanyiwa kazi, mashamba na miti ya kuvuna. Mgeni hana macho ya kutambua mpaka kati ya sehemu moja na nyingine. Usiingie msituni peke yako hata kwa hatua mia, na usichume ua, kokwa wala okidi kwa kumbukumbu. Lipo neno la Kiiban ambalo msemaji wa Kiswahili atalisikia vibaya: mali. Kwetu ni utajiri, kwao ni mwiko. Ukiambiwa kitu fulani ni mali, ondoa mkono.

Upande wa karatasi nitapita haraka. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Masharti ya viza hutofautiana kwa uraia na hubadilika, basi uliza ubalozi wa Indonesia ulioko Nairobi au Dar es Salaam kabla ya kulipia tiketi. Kadi ya njano usiiache nyumbani: wanaotoka nchi zenye homa ya manjano hutakiwa kuionyesha, na chanjo huhesabika baada ya siku 10. Ukichanjwa jioni ya kuamkia safari, umechelewa.

Njia ni ndefu, na ni bora uikubali mapema. Utafika Jakarta, utaruka hadi Pontianak, mji mkuu wa Kalimantan Magharibi, kisha ndege ndogo ya mapangaboi hadi Putussibau, halafu gari kwa barabara iendayo Badau, mpakani na Sarawak, jimbo la Malaysia. Wapo wanaopanda basi kutoka Pontianak, safari ya usiku kucha na zaidi. Begi liwe jepesi, ndege ndogo hazina huruma na kilo. Ukilala Pontianak, nenda ukaone mnara wa ikweta uliojengwa mwaka 1928. Mtu wa Nanyuki ya Kenya au Kayabwe ya Uganda, ambako ikweta hupita pia, atajihisi nyumbani, ila hapa jua huchomoza takriban saa tano kabla ya kuchomoza kwetu. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua la adhuhuri husimama wima juu ya kichwa, na kivuli cha mnara hutoweka.

Msimu ndio unaowakosesha wengi. Sisi tumezoea masika na vuli, na katikati kiangazi cha kukausha nguo. Kapuas Hulu mvua haina likizo. Kuna miezi yenye mvua nyingi na miezi yenye mvua pungufu, basi. Juni hadi Agosti huwa afadhali. Kuanzia Agosti mpaka Oktoba kuna jambo jingine, moshi. Mwaka wa ukame mkali mashamba na ardhi ya mboji huungua katika maeneo mengi ya Kalimantan, anga hugeuka kijivu, na ndege husitishwa. Mwaka 2015 na 2019 hali ilikuwa mbaya sana. Mwenye pumu achague mwezi mwingine. Kwangu mimi wakati mzuri kuliko yote ni baada ya mavuno ya mpunga, karibu na mwanzo wa Juni, Waiban wanapofanya sherehe ya Gawai. Lakini hapo nyumba hujaa ndugu waliorudi kutoka mijini na Sarawak, kwa hiyo hodi yako iwe ya mapema zaidi.

Begini, kitu cha kwanza ni doti mbili za kanga. Sisemi hivi kwa mapenzi ya kanga peke yake. Watu huoga mtoni, mahali pa wazi, na wanawake hujifunga kitambaa kifuani vilevile kama bibi zetu. Kanga utaogea, utajifunika usiku, utakalia, na ile doti ya pili utamwachia mwenyeji wako wa kike. Wanawake wa Iban ni wafumaji hodari, wana vitambaa vya heshima viitwavyo pua kumbu ambavyo nyuzi zake hufungwa na kupakwa rangi kabla ya kufumwa. Zawadi ya kitambaa chenye maneno ataielewa kuliko fulana yenye picha ya simba. Mtafsirie jina la kanga. Msituni vaa viatu vya mpira kama wenyeji, vinauzwa kwa bei nafuu sokoni Putussibau. Buti la ngozi likilowa siku ya kwanza halikauki mpaka unarudi. Soksi ndefu kwa ajili ya ruba, chandarua, koti la mvua, tochi, mifuko ya plastiki ya kufungia simu. Kumbuka soketi za Indonesia ni za pini mbili za duara, si zile tatu za mraba za Kenya, Uganda na Tanzania.

Kuhusu malaria, nawasihi watu wetu waache ule ujasiri wa "mimi nimekulia nayo". Borneo kuna vimelea vya aina nyingine, vikiwemo vya knowlesi vinavyotoka kwa nyani, na kinga ya mwili uliyoipata Kisumu au Kigoma si ngao huko. Mwone daktari kabla ya safari. Dengi nayo ipo. Mbwa watakuwa wengi chini ya nyumba na barazani. Usiwachezee, na ukiumwa osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda hospitali Putussibau siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sasa chakula, ambapo Mswahili anahitaji maandalizi ya moyo. Waiban wengi wa Kapuas Hulu ni Wakatoliki, nguruwe wanafugwa na kuliwa, na pombe ya mchele iitwayo tuak ndiyo inayomkaribisha mgeni. Muislamu asiende akiwa na hofu, wala asisubiri sahani iwekwe mbele yake ndipo aseme. Itaje hali yako katika ule ujumbe wa kwanza. Wenyeji wameishi karne nyingi jirani na Wamalayu Waislamu wa kando ya mto Kapuas, kwa hiyo si jambo geni kwao. Utapikiwa samaki wa mtoni, wali, machipukizi ya jimbi na ya mianzi. Na utapewa majani ya mihogo. Kalimantan Magharibi huyatwanga kinuni kama sisi tunavyotwanga kisamvu. Muhogo umetoka Amerika ukafika kwao na kwetu, na akina mama wa pande zote mbili wakaamua hivyohivyo kwamba majani yasitupwe.

Lakini hata ukiwa huli wala hunywi, usiinuke hivi hivi. Borneo nzima inaamini kwamba anayekaribishwa chakula akakiacha anajiweka kwenye hatari ya kempunan: akitoka hapo anaweza kupatwa na ajali, kuumwa na nyoka, kuzama mtoni. Namna ya kujiondoa ni rahisi. Gusa chombo au chakula kwa ncha ya vidole, shukuru, basi. Huo mguso ni jibu la heshima na hakuna atakayekulazimisha. Jizoeze nyumbani, maana mkono wetu sisi tukikataa huelekea kifuani, na hapo mwenyeji atabaki na wasiwasi juu yako njia nzima.

Lugha isikutishe. Kiindonesia kina dunia, bendera, sabun, umur, daftar, waktu. Maneno uliyonayo tayari mdomoni. Apa kabar ni "habari gani" kabisa, na Waiban kwa lugha yao huuliza nama berita, nako ni kuulizana habari. Wazee waite Apai kwa baba na Inai kwa mama, wala usimtaje mtu mzima kwa jina kavu. Utaulizwa una watoto wangapi na wazazi wako kama wako hai kabla ya kuulizwa kazi. Wanaume wa zamani walikuwa na desturi ya bejalai, kusafiri mbali kutafuta maarifa na kurudi na michoro ya chale mwilini kama kumbukumbu ya walikopita, hivyo msafiri kwao ana heshima ya asili, na watataka simulizi. Beba picha za kwenu zilizochapishwa. Kupiga picha zako mwenyewe, omba ruhusa kwanza, hasa kwa wazee wenye chale.

Fedha chukua taslimu, rupia za noti ndogondogo, kutoka mashine za Putussibau. Malazi, chakula na kijana wa kukuongoza msituni hulipiwa. Kubaliana kiasi kabla, na ukabidhi kwa utaratibu wanaoutaka wao, si kwa kumpenyezea mtu mmoja mfukoni. Kahawa ya Kagera au chai ya Kericho ni zawadi nzuri ya kugawanywa barazani. Ukiwa njiani kurudi utaona unga wa majani ya kratom, mti ambao majani yake hutumiwa kama kichangamsho, ukiuzwa, kwa sababu mti huo hulimwa sana Kapuas Hulu. Usiuweke begini, baadhi ya nchi zimeupiga marufuku na uwanja wa ndege si mahali pa kujifunzia sheria.

Mwisho, kata tiketi ya kurudi Jakarta ukiacha siku mbili tupu katikati. Mvua ikinyesha usiku, mto hupanda na barabara huharibika. Moshi au mawingu yakishuka, ndege ya Putussibau hairuki. Siku hizo mbili zikibaki, zitumie kwenye ruai. Kwa maneno ya kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na kama ni wakati wa kupanda mpunga mlimani, omba ufuatane nao shambani alfajiri.