Binti anataka kusomea tamthilia ya muziki, na Desemba mnakwenda Moshi

Mchaga aliye nje anajua Desemba ina mwenyewe. Tiketi ya kushuka KIA imekatwa tangu Julai, mbuzi wa bibi ameshatajwa kwenye simu, na asiyefika ataulizwa. Tatizo ni kwamba vyuo vya Marekani vinavyofundisha tamthilia ya muziki navyo vina shughuli zao mwezi huohuo. Video za mchujo, ambazo chuo hutazama kwanza ili kuamua nani aitwe, hutakiwa kati ya Oktoba na Desemba, usaili wa ana kwa ana huangukia Januari na Februari, na katikati hapo wewe uko Machame unakula machalari huku ukoo mzima unauliza mtoto atasomea nini.

Mwaka ambao binti yetu alikuwa anamaliza sekondari kule Minnesota, maswali ya wazee uani yalinifumbua macho kuliko tovuti zote nilizokuwa nimesoma. Nayaandika kwa mzazi atakayekuwa uani kama ule Desemba ijayo. Nazungumzia mtoto aliyekulia Marekani, mwenye uraia au makazi ya kudumu. Mpwa aliyeko nyumbani na pasipoti ya Tanzania ana kikwazo kingine kabisa, kwa sababu tangu 1 Januari 2026 Marekani imezuia viza za wanafunzi kwa Watanzania. Kabla hajalipia maombi popote, asome tangazo la ubalozi la wiki hiyo, si la mwaka jana.

Aliyeanza ni kaka yangu mkubwa. "Kwani kwaya ya usharika ina kasoro gani mpaka akalipie kuimba?"

Msicheke. Ndilo swali lenyewe, na mtoto asipoweza kulijibu kwa Kiswahili cha kueleweka, huenda hata yeye hajui anaomba nini. Tulimweleza hivi: ni igizo la Krismasi, lile la Herode na mamajusi, ila wahusika wanazungumza, wanaimba na kucheza, na wimbo hauingii kupumzisha watu bali ndio unaosogeza kisa. Mtu mmoja anapaswa kuyaweza yote matatu. Kaka akasema, "Kumbe ngoma." Hakukosea sana. Pale TaSUBa, Bagamoyo, muziki, ngoma na maigizo vinafundishwa chini ya paa moja, na mzee wa kijijini hajawahi kuvitenganisha.

Mwalimu wa kwaya, aliyepita kusalimia, ndiye aliyegusa penyewe. Alimsikiliza binti akiimba, akamwambia, "Unaimba kama unaomba radhi." Kwaya inakufundisha kuizika sauti yako katikati ya sauti za wenzako, ya kwanza na ya pili na besi zisikike kama kitu kimoja. Kwenye usaili wanataka kinyume chake: mtu mmoja, neno linaloeleweka, na sababu ya kulisema. Watoto wetu wengi wanafika na sauti nzuri na sikio la ajabu, halafu wanaanguka hapo. Wanaanguka pia kwenye nota. Aliyezoea solfa, do re mi za kwenye daftari la kwaya, aanze mapema kusoma nota za mistari, maana darasa la nadharia la mwaka wa kwanza halimsubiri mtu. Dansi ndiyo iliyomtesa wa kwangu zaidi, na miezi sita ya madarasa ya baleti ya watu wazima jioni ilimsaidia kuliko nilivyotarajia.

Shangazi yake yeye aliridhika mara moja aliposikia chuo ni cha Kikristo. Hapo nakusihi usiridhike upesi kama shangazi. Neno hilo moja limebeba vyuo visivyofanana hata kidogo. Oklahoma City University ni ya Wamethodisti, na Kristin Chenoweth na Kelli O'Hara, washindi wa Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Marekani, walisoma hapo. Abilene Christian, kule Texas, inatokana na Makanisa ya Kristo na ina utaratibu wa ibada ambao wanafunzi wanapaswa kuhudhuria. Belmont, Nashville, ilikuwa ya Wabaptisti na sasa haiko chini ya dhehebu lolote ingawa bado inajiita ya Kikristo. Baylor, ya Wabaptisti, ilikuwa imekataza dansi chuoni hadi 1996. Nilipomwambia kaka hilo alicheka mpaka akakohoa. Anakumbuka vikao vya usharika wetu vilivyobishania kama kwaya iruhusiwe kutikisika.

Kwa hiyo, usisome ukurasa wenye picha za msalaba na wanafunzi wanaotabasamu. Tafuta orodha ya maigizo waliyopandisha jukwaani miaka minne iliyopita. Orodha hiyo itakuonyesha wanathubutu nini na wanakwepa nini, na mtoto ataona kama kuna nafasi ya mtu kama yeye. Kisha soma mkataba wa maadili, wote, mpaka mwisho: pombe, mahusiano, saa za bweni, na adhabu zake. Muulize mkuu wa idara, kwa barua pepe ili jibu libaki: mwanafunzi akikataa nafasi kwa sababu ya dhamiri, anapunguziwa alama? Na akitaka nafasi ambayo chuo kinaiona haifai, nani anaamua? Vyuo vingine vinamtaka mwombaji akubali tamko la imani. Mkatoliki wa Kibosho alisome kwa makini kabla hajatia saini, kwa sababu baadhi yameandikwa kwa Kiinjili hasa. Ikitakiwa barua ya mchungaji, iombe kwa mchungaji wa huko mnakoishi. Wa nyumbani anampenda mtoto, lakini anamwona mara moja kwa mwaka akiwa na kitenge kipya.

Kuna shahada za aina mbili na bei ya kuzichanganya ni kubwa. Ile ya sanaa za maonyesho, BFA, hula takriban theluthi mbili za masomo yote kwenye fani yenyewe. Kuimba asubuhi, dansi mchana, mazoezi usiku. BA ya kawaida huacha nafasi ya kuongeza ualimu, saikolojia au biashara. Kaka alipouliza atakula nini, jibu letu lilitokana na uchaguzi huu. Binti alitaka BFA, mama yake alitaka BA yenye ualimu, mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulituchelewesha mwezi mzima. Msifanye hivyo. Ombeni zote mbili.

Fedha. Chuo binafsi hupita kwa urahisi dola 50,000 kwa mwaka ukijumlisha malazi na chakula, na bibi akauliza kama tutauza kihamba, shamba la ukoo. Kihamba hakiuzwi, na bei ile si lazima iwe unayolipa. Sheria inavitaka vyuo viweke kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti zao. Kijaze kwa mapato yenu ya kweli kabla mtoto hajaanza kupenda jengo. FAFSA, fomu ya serikali ya Marekani ya kuombea msaada wa ada, kwa kawaida hufunguliwa 1 Oktoba, na mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa kuijaza sawa na raia. Aidha, sehemu nyingi usaili wa kuingia ndio huohuo unaoamua ufadhili wa kipaji. Kutumbuiza vizuri kunaweza kushusha ada kuliko mchango wa harusi mbili.

Sasa ile safari. Video za mchujo zimalizeni kabla hamjapanda ndege. Sisi tulibakiza wimbo mmoja tukijidanganya kwamba Machame kuna utulivu. Mvua ya vuli ikashuka juu ya bati, jogoo wa jirani akajibu kila mstari, na umeme ukakatika tukiwa tumepata mkupuo mzuri. Vyuo vinataka sauti isiyohaririwa, mtoto aonekane vizuri, ajitambulishe jina na wimbo, basi. Simu inatosha, lakini hakuna simu inayomnyamazisha jogoo. Mkilazimika, tafuteni kanisa siku ya kazi, saa za mchana, mrekodi mkiwa mbali na mlango.

Na mpiga kinanda mpangieni saa kwa Kiswahili. Binti alimwandikia wa kwetu kwamba wakutane saa 3, akimaanisha ya Kizungu, yaani saa tisa alasiri. Mzee wa watu alifika saa tatu asubuhi, akasubiri kwa muda wa saa sita kwenye benchi, na hakulalamika, jambo lililotuumiza zaidi. Mahojiano ya mtandaoni nayo ni hesabu ileile: saa tisa alasiri ya Nashville au Chicago wakati wa baridi ni saa sita usiku Moshi. Sauti ya mtu saa sita usiku baada ya nyama ya kuchoma si ya kumuuzia mtu. Ombeni muda wa asubuhi yao, iwe jioni yenu kabla ya chakula.

Mkiwa barabarani kwenda Arusha, simameni Usa River, chuo cha KKKT cha Makumira. Wana shahada ya muziki, siyo ya tamthilia, na wanafundisha muziki wa Kiafrika pamoja na wa Magharibi. Binti alitoka pale akiwa na jambo la kusema alipoulizwa ametoka wapi na anabeba nini. Swali hilo huulizwa karibu kila mahali, na mtoto wa kwetu aliyezaliwa huko mara nyingi hulijibu kwa aibu.

Rudini wiki ya kwanza ya Januari, hata bibi akinuna. Usaili wa pamoja wa vyuo vingi, Chicago ikiwa mojawapo ya vituo, huwa mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, na mwili uliotoka safari ya saa ishirini na kitu unahitaji siku kadhaa kabla haujaruka mbele ya watu wenye kalamu.

Majibu huja mpaka Aprili, na kwa desturi uamuzi unatakiwa ifikapo 1 Mei. Katika wiki hizo msiweke chochote kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Sisi tuliweka jina la chuo kabla ya barua ya ufadhili kufika, na kabla hatujajua tutalipaje, Machame walishachagua kitenge.