SOMO: Rangi ya mlango inabanduka kwa sababu ya msasa, si kopo

Kila mara naulizwa, "Mkuu, rangi gani haibanduki?" Naandika hapa, wanaouliza waelekezwe huku. Somo hili ni la milango na fremu za ndani ambazo tayari zina rangi ya mafuta.

1. Fungua kitasa na komeo.

2. Osha kwa maji ya sabuni, hasa karibu na kitasa penye mafuta ya mikono. Suuza, acha pakauke.

3. Msasa. Kazi nyingi zinafia hapa. Rangi ya zamani ina uso laini unaong'aa, rangi mpya haipati pa kushika. Ukiipaka hivyohivyo itapendeza kwa muda, kisha ukiikwangua kwa ukucha inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Anza na msasa namba 120 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) penye mabaka, malizia na 180 au 220, ukifuata nyuzi za mbao. Si lazima ufike kwenye mbao. Mng'ao ndio ufe wote. Mulika tochi kutoka ubavuni: panapometameta, rudia. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu.

TAHADHARI: kwenye nyumba za zamani rangi inaweza kuwa na madini ya risasi. Usipige msasa mkavu, wala mashine. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya vumbi laini, watoto na wajawazito wasiwepo kabisa. Tope lifutwe, lisifagiliwe.

4. Ziba matundu kwa pati ya mbao, piga msasa.

5. Paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, palipo na mbao tupu. Penye fundo la mbao tangulia na shelaki (vanishi ya kuziba utomvu), la sivyo utomvu utatoa doa la njano.

6. Paka koti (mipako) mbili nyembamba za rangi, katikati msasa 240 kwa mkono mwepesi. Muda wa kukauka umo kwenye kopo. Masika huku Pwani, ongeza.

Ukimpa fundi kazi: usimalize kumlipa kabla ya kukagua. Mwambie akuite baada ya msasa, kabla hajafungua kopo. Mwisho pitisha kiganja ukingo wa juu wa mlango. Wengi hawapaki pale, unyevu unaingia, mlango unavimba.

MASWALI

— Mkuu, nipendekezee rangi isiyobanduka.
— Soma namba 3.

— Nimesoma, ila wageni wanakuja Jumamosi. Siwezi kuruka msasa?
— Hapana. Osha mlango, waukute safi. Paka wakiondoka.

— Fundi kaacha machozi ya rangi kwenye paneli. Niyakwangue leo?
— Usiyaguse, kaka. Juu pamekauka, ndani bado pabichi, yatachanika. Subiri yawe magumu kabisa, yasawazishwe kwa msasa, ipigwe koti moja. Mwonyeshe fundi mchana, kwa heshima. Marekebisho hayo ni yake, wewe hulipi tena.

— Mlango wangu ni mninga chini ya rangi. Naweza kuurudisha mbao ionekane?
— Swali zuri sana, dada. Inawezekana, na mninga unastahili. Paka dawa ya kuondoa rangi, madirisha yakiwa wazi na glavu mkononi, kwangua taratibu, kisha msasa na vanishi au mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani). Vitambaa vyenye linsidi usivikunje ukavirundika: vinapata joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye ndoo ya maji.

— Na brashi kati ya koti, naiosha kila mara?
— Ifunge kwenye nailoni isipate hewa. Hadi kesho itakuwa laini.