Balituambia balabala itatengenezwa: namna ya kufuata proje ya komini yako ku Lubumbashi

Bandugu ba L'shi, jambo yenu. Kila mwaka mvula ikikaribia tunasikia ileile: kanivo (mufereji ya mai) itachimbwa, balabala itapigwa greda, mai itafika mu kartier. Kisha mvula inanyesha, mwezi wa ine inaisha, na shimo iko palepale, imeongeza tu upana. Minaandika hii juu bantu mingi banalalamika ku WhatsApp na ku meza ya mama wa mukate, lakini habajue mulango gani ya kupiga hodi. Miye pia sikujua. Nilipoteza mwaka muzima juu ya buse moja, ile tuyo kubwa ya beto yenye inapitisha mai chini ya balabala, na ile mwaka njo ilinifundisha yote minawaambia hapa.

Ya kwanza kabisa, ujue jambo ni ya nani. Hapa njo batu banapoteza siku mingi. Lubumbashi iko na komini 7: Lubumbashi, Kenya, Kamalondo, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Loi ya tarehe 7/10/2008 inasema muji na komini biko na budje yabo, banaweza kuamua mambo yabo, lakini kartier hapana. Shefu wa kartier ni mutumishi tu, hana kese ya kujenga kitu, kwa hiyo ukienda kumupigia makelele juu ya balabala unamuchokesha bule. Lakini usimuruke, mukanda (barua) yenye iko na sinyature yake inapita mbio kuliko yenye haina, na yeye njo anajua burugumesta, mukubwa wa komini, eko biro siku gani.

Balabala ya ndani ya muji, ile kubwa na kanivo zake, iko mu kazi ya OVD, biro ya Leta ya balabala za muji. Njia ya kutoka Lubumbashi kuenda Likasi ao Kasumbalesa ni Office des Routes, biro ya Leta ya njia kubwa. Feza ya kutengeneza hizo njia, mingi inapita mu FONER, fon ya Leta ya kutunza njia, yenye ilianzishwa mu 2008 na inapata makuta ku esansi na ku peaje, maana yake kila siku unapanda taxi umechangia, hata kama hauna motoka. Mai ni Regideso, kuran ni SNEL, hizo ni sosiete za Leta, burugumesta hawezi kuziamuru, anaweza kuziandikia tu. Yenye inabakia ku komini ni ile ya karibu na mulango yako: kanivo ndogo ya avenyu, usafi wa soko, salongo (kazi ya pamoja ya kusafisha), état civil (biro ya kuandikisha vizazi na ndoa). Ile buse yangu ilikuwa ku kona ya avenyu na balabala kubwa, basi miezi mitatu ya kwanza balinituma huku na kule kama mupira, huku banasema ni ya kule, kule banasema ni ya huku. Kumbe ningeuliza siku ya kwanza: hii fasi iko mu karte ya nani? Swali moja tu.

Kuna hii ingine inachanganya bantu, PDL-145T, proje ya serikali ya maendeleo ya teritware. Jirani yangu moja alisikia ku radio kama serikali inajenga masomo na santre ya afya mu teritware 145, akaanza kungojea yetu hapa Katuba. Papa, 145 ni hesabu ya teritware, na Lubumbashi si teritware, ni muji. Mu Haut-Katanga hiyo proje inahusu Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Kama uko na familia Kipushi, ufuate ya Kipushi, huku kwetu utangoja mpaka meno ioze.

Sasa tuingie mu makuta, juu proje bila makuta ni wimbo. Sisi ba Katanga tuko na kitu yenye miji mingi haina: migodi. Kodi minier (loi ya migodi) ya 2018 inagawanya redevance, makuta yenye sosiete ya mugodi inalipa Leta juu ya madini, hivi: ku kila 100, 50 inaenda ku serikali ya Kinshasa, 25 ku provinse, 15 ku entite yenye mugodi iko ndani yake, na 10 ku fon ya vizazi byenye bitakuya. Ile 15 inaweza kuwa ya komini, ya sekta ao ya shefri. Tena sosiete ya mugodi inapashwa kutoa 0,3% ya shifre dafere yake (makuta yote ya mauzo) juu ya maendeleo ya bantu ba karibu, na kuna kaye de sharje yenye inaandika sosiete itajenga nini na mwaka gani. Kama unaishi komini yenye iko na mugodi, kaye de sharje njo karatasi ya kwanza ya kuuliza. Usiulize "makuta iliendaga wapi", ile swali inafunga milango. Uulize "mwaka jana ku redevance iliingia ngapi, na ilipangwa juu ya kazi gani". Muulizaji wa hivyo banamuangalia ingine.

Basi umesikia tangazo: bantu bamekuya na kofia ya plastike, shefu ametoa neno, batu bamepiga makofi. Kamata kaye uandike. Ni nani analipa? Ni antreprize gani inafanya? Inaanza tarehe gani na inaisha tarehe gani? Inatoka fasi gani mpaka fasi gani? Hii ya mwisho njo wengi banasahau na ni hapo banatudanganya. "Avenyu itatengenezwa" si kitu. Kutoka ku kona ya fulani mpaka ku daraja, mita ngapi, kanivo upande moja ao mbili, ya beto ao ya udongo tu. Kama kuna pano ya santye (kibao yenye inaonyesha kazi), ipige foto siku ya kwanza, kabla jua haijakula maandishi na kabla mutu hajaibeba ile bati kufunikia nyumba ya kuku (musicheke, niliona). Kisha tembea wewe mwenyewe. Miye nilihesabu hatua zangu kutoka ku pano mpaka fasi kanivo ilipashwa kuishia, zilikuwa 212, na nikaandika mu kaye. Baada ya wiki mbili machine iliondoka na kanivo ilikuwa imesimama ku hatua 140 mbele ya nyumba ya mama moja wa makala. Bila ile hesabu ningesema nini? Ningesema "inaonekana haikufika", na hakuna mutu anajibu "inaonekana".

Sasa mukanda. Hapa nitakaa kidogo juu njo roho ya mambo yote. Katiba yetu ya 2006, artikle 27, inasema kila Mukongomani eko na haki ya kuandikia mukubwa wa Leta petisio (mukanda ya kuomba), peke yake ao pamoja na benzake, na ule mukubwa anapashwa kujibu mu miezi mitatu. Na inaongeza kama hakuna mutu anaweza kushitakiwa juu ameandika vile. Soma tena. Miezi mitatu, si "tutaona". Batu banaogopa, banasema batatuita bapinzani, lakini mukanda ya adabu yenye iko na majina ya bamama makumi mbili na nambari ya nyumba zabo, ule anaitupa ni nani?

Usiandike kurasa ine. Kama unajua Kifaransa andika Kifaransa, biro zinazoea ile. Kama haujue, Kiswahili ni moja ya luga ine za taifa mu Katiba, andika tu, mutoto wa shule akusaidie ku yenye itabakia. Kitu kama hivi:

"Ku Burugumesta wa komini ya ... Jambo: buse yenye ilivunjika ku kona ya avenyu ... na ... Mheshimiwa, tangu mwezi wa ... ile buse imevunjika na mai inaingia mu nyumba 11 (angalia majina ku ukurasa ya pili na foto 3). Tunaomba tujue: moja, hii kazi ni ya komini ao ya OVD, mbili, iko mu budje ya mwaka huu, tatu, itafanywa tarehe gani. Tunaandika kufuatana na artikle 27 ya Katiba. Tuko tayari kutoa mikono ku salongo. Sinyature."

Ile mustari ya salongo usiiondoe, inapunguza joto.

Uchapishe kopi mbili. Moja inabakia kule, ya pili inarudi kwako na kashe (muhuri), tarehe na jina ya mwenye amepokea. Bila kashe haukuandika kitu. Mara yangu ya kwanza niliacha mukanda mu mikono ya kijana moja ku mulango, akanambia "acha tu papa, nitafikisha", na ilipotea kabisa. Mara ya pili nilikaa ku banki mpaka sekreteri alitoka kula. Alikuwa na mikanda mingi chini ya jiwe juu upepo ya kiangazi ilikuwa inapita ku dirisha yenye haina kioo, akatafuta tampo, ilikuwa imekauka, akatia tone moja ya mai ya kunywa, akapiga kashe mara mbili juu ya kwanza haikuonekana muzuri. Ile kopi yenye kashe mbili iko mpaka leo mu plastike mu nyumba yangu, bibi yangu anaichunga kuliko karatasi ya ndoa.

Kama mutu anakuomba "ya kahawa" juu mukanda ipite, uliza noti ya persepsio, karatasi ya Leta yenye inaandika taxe ni ngapi, na ulipe ku banki kama kweli kuna taxe, kisha uchunge preve ya malipo. Hakuna noti, hakuna makuta. Useme kwa heshima, "mukubwa, nipe tu karatasi nitaenda kulipa", mara mingi ile taxe inapotea palepale.

Miezi mitatu ikipita bila jibu, usirudie kuandika ku mutu uleule. Kopi yenye kashe unaipeleka ku konseye wa komini, bale tulibachagula tarehe 20/12/2023, mara ya kwanza tangu Katiba ianze, na kazi yabo mu loi ni kupiga kura ya budje ya komini na kuangalia kazi inafanywa. Bantu mingi habajue hata majina yabo. Uliza, piga simu, umwambie siku gani unapita. Kopi ingine ku meri. Na kama bado, redio za hapa na Radio Okapi, yenye inasema Kiswahili pia, zinapenda sana mutu mwenye eko na tarehe, foto na kashe, hazipendi mutu mwenye eko na hasira tu.

Yetu ilijibiwa siku ya 81. Ukurasa moja: kazi ni ya komini, itafanywa kisha mvula. Mwezi wa tano balikuya na buse tatu mu camion, tulihesabu pamoja na shefu wa avenyu, bakaweka mbili, ya tatu ilirudi juu ilikuwa na ufa. Kanivo ile ya hatua 140 bado iko ku 140. Mukanda ya pili tuliipeleka wiki yenye imepita, kashe iko moja tu safari hii lakini inaonekana muzuri, na mama wa makala njo wa kwanza ku liste.