Kurudi Dar na mteja wako wa nje

Wengi wanaorudi nyumbani na kubaki na mwajiri wao wa zamani, safari hii kwa mkataba wa kujitegemea, hukosea kwenye bei. Huchukua mshahara wa zamani, wakaugawa kwa saa, wakamtajia mteja. Haitoshi. Bima ya afya, akiba ya uzeeni, likizo na siku za kuugua sasa ni juu yako.

Kodi pia. Ukikaa nchini siku 183 kwa mwaka, wewe ni mkaazi machoni pa TRA. Chukua TIN, fanya makadirio ya kodi ya mwaka, ulipe kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa faida ya shilingi milioni 24 kwa mwaka, kodi ni 5,136,000, yaani 1,284,000 kila awamu. Malipo yakiingia, hamishia fungu la kodi kwenye akaunti nyingine siku hiyohiyo. Likilala pamoja na pesa ya matumizi litaondoka na ada za shule na michango ya harusi, na Dar michango haiishi.

Mwenye uraia au ukaazi wa kudumu wa Marekani ana mzigo wa pili, na huu ndio unaowashtua watu zaidi. Fomu ya kodi unayomjazia mteja wa Marekani ni W-9, si W-8BEN ya wageni, na kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, ambayo ndiyo mchango wa hifadhi ya jamii ya huko, inakufuata mpaka Kigamboni, kwa kuwa nchi hizi mbili hazina makubaliano ya hifadhi ya jamii.

Ukipata mteja wa hapahapa, ankara iwe ya shilingi. Atakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dai cheti chake, maana ndicho kinachokupunguzia kodi wakati wa ritani.

Kwenye mkataba, usikubali "malipo ndani ya siku 30" bila kuandika zinahesabiwa kuanzia lini. Andika: tangu tarehe ya ankara. Andika pia kwamba makato yote ya benki ni ya mtumaji, la sivyo benki za katikati zitamega dola zako njiani.

Na intaneti. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, mtandao ukazorota nchi nzima. Kuwa na laini mbili hakukusaidia sana. Hifadhi mafaili ya kazi kwenye kompyuta yako, na weka kifungu kinachosogeza tarehe ya kukabidhi kazi hitilafu kama hiyo ikitokea.