Kikoa cha ln(xy): usikimbilie kuitenganisha logi

Ukiulizwa kikoa cha f(x, y) = ln(xy), yaani jozi zote za (x, y) zinazoipa f thamani halisi, usianze kwa kuiandika ln x + ln y. Hapo umeshatupa nusu ya jibu. Logi inadai kitu kimoja tu: kilichomo kwenye mabano kizidi 0. Basi xy > 0, yaani x na y ziwe chanya zote mbili au hasi zote mbili. Jaribu (−2, −3): xy = 6, na ln 6 ipo bila shida, lakini ln(−2) haipo kwenye namba halisi. Kwa hiyo unatia kivuli robo ya kwanza na ya tatu ya grafu. Mihimili yenyewe haimo, maana pale xy = 0; ichore kwa vistari vya kukatika-katika. Maksi nyingi hupotea hapo, kizembe kabisa.