Bunduki Moja kwa Kulungu na Koyote: Jinsi ya Kuchagua Kaliba

Waswahili wenzetu walioko Marekani huniuliza: nataka bunduki moja tu, ya kulungu msimu wa vuli na ya koyote (mnyama wa jamii ya mbwa) wakati wa baridi, ninunue kaliba (kipimo cha unene wa risasi) gani? Wengi nawaambia .243 Winchester. Ila usikimbilie dukani, kwa sababu yapo majimbo ambako jibu hilo litakuingiza matatani.

Hatua ya 1: Soma sheria ya jimbo lako

Kila jimbo lina yake. Colorado inataka bunduki ya kulungu isiwe chini ya kaliba .24, kichwa cha risasi kisipungue greni 70 (greni ni kipimo cha uzito wake) na kiwe cha kutanuka kinapopiga. Kwa hiyo .223 Remington huko haifai, ingawa Texas inaruhusiwa. Ohio ni ngumu kuliko hizo: kulungu hapigwi kwa risasi yenye ganda (kasha la baruti) lililobanwa shingoni, .243 ikiwemo, ndiyo maana watu wa huko hubeba .350 Legend ya ganda nyoofu, iliyotoka 2019. California wamepiga marufuku risasi za madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, hivyo utanunua za shaba.

Halafu kuna suala la karatasi zako. Mwenye kadi ya kijani hana shida hapa. Lakini aliyeko kwa viza ya muda, kama ya mwanafunzi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache. Mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Leseni ikiisha, nao msamaha umekwisha.

Hatua ya 2: Chagua kwa kumtazama kulungu

Koyote ni manyoya matupu. Ukimpima ni kilo 10 hadi 20. Dume la kulungu wa mkia mweupe kule Minnesota linaweza kupita kilo 100. Kinachomwangusha kulungu kitamwangusha koyote, kinyume chake hakina uhakika. Ndiyo sababu simshauri mtu wa bunduki moja anunue .22-250, hata kama kwa koyote peke yake ni moto wa kuotea mbali.

Hatua ya 3: Linganisha kaliba tatu

.243 ilitoka 1955. Ni ganda la .308 lililobanwa shingo lishike kichwa cha milimita 6. Vichwa vyake huanzia greni 55 hadi 105 hivi, na upana huo ndio unaotutatulia tatizo letu. Isitoshe, msukumo wake begani ni kama nusu ya ule wa .30-06, kaliba nyingine kubwa zaidi, na anayeogopa bunduki yake hufumba macho kabla ya kufyatua.

6.5 Creedmoor, ya 2007, ichukue kama unapiga mbali au sehemu zenye upepo. .308 ichukue kama una ndoto ya kuwinda wapiti (jamii ya kulungu, mkubwa zaidi) siku moja. Kwa koyote itafanya kazi, ila ngozi ya kuuza utaisahau, maana itachanika.

Hatua ya 4: Chagua kichwa cha risasi

Hapa ndipo penye kazi. Watu hubishana kaliba usiku kucha, kisha wananunua boksi lolote la bei nafuu.

Kwa kulungu, tumia greni 95 hadi 100, kichwa kigumu kinachotanuka taratibu na kufika mapafuni. Kwa koyote, greni 55 hadi 60, chenye gamba jembamba: kinatoka mtutuni kwa zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde na kuvunjika ndani ya mwili. Mara nyingi hakitoki upande wa pili, na ngozi inabaki na tundu dogo tu. Usithubutu kumpiga kulungu kwa hicho chepesi. Kitapasukia kwenye bega, naye atakimbia na kidonda akafie usikomwona.

Kama huuzi ngozi, achana na boksi mbili. Greni 95 kwa wote wawili.

Hatua ya 5: Kagua mtutu, kisha sawazisha darubini

Kwa .243, tafuta mtutu ambao mifereji yake inazunguka mara moja kila inchi 10. Huo unatuliza vichwa hadi greni 100. Vyenye uzito zaidi, hasa vile virefu vyembamba, vinahitaji mzunguko wa kasi zaidi.

Risasi nzito na nyepesi hazipigi pahala pamoja. Sawazisha darubini kwa ile ya kulungu yadi 100, piga tatu. Bila kugusa darubini, piga tatu za koyote kwenye karatasi hiyohiyo. Pima zimeachana kiasi gani na upande gani, uandike kwenye kipande cha utepe, ubandike kitakoni mwa bunduki. Ukibadilisha aina ya risasi, hata kama uzito ni uleule, rudia zoezi lote.