Siklidi wako anatoa choo cheupe? Mtibu akiwa bado anakula

Kama unafuga samaki wa siklidi kwenye tangi, hasa hawa wa Ziwa Tanganyika kama Tropheus, zoea kuangalia choo chao kila siku. Samaki mzima choo chake kina rangi ya chakula na kinakatika haraka. Ukiona uzi mweupe kama kamasi unaning'inia na samaki anazunguka nao tangi zima, ujue tumboni hakuko sawa.

Nilikuwa na duboisi wadogo (aina ya Tropheus), bado weusi wenye madoa meupe, mmoja akawa anakimbilia chakula na wenzake vizuri tu, anakidaka, anakitema, anakidaka tena, anakitema, nami nikasema kesho atakula. Siku ya nne tumbo limevimba, kajibanza nyuma ya hita anahema harakaharaka. Alikufa, na wengine watatu wakamfuata. Inaniuma mpaka leo maana kule kutema ndo ilikuwa dalili yenyewe.

Mara nyingi wahusika ni vijidudu vya chembe moja, Hexamita na Spironucleus. Vinaweza kukaa kwenye utumbo bila kelele, ila samaki akipata stresi, maji yakichafuka au chakula kikiwa siyo chake, vinazaliana. Tropheus ziwani anakwangua mwani kwenye mawe, utumbo wake ni mrefu sana, kwa hiyo ukimpa nyama ya ng'ombe au moyo wa kuku unamtafutia ugonjwa.

Dawa ni metronidazoli, ile ya Flagyl. Kama bado anakula, mpitishie kwenye chakula, ndo njia bora kwasababu inafika utumboni moja kwa moja: twanga kidonge cha miligramu 200, changanya na gramu 20 za chakula na jelatini kidogo isiyo na ladha, igande, ukate vipande vidogo, uwape siku tano. Dawa ni chungu so wengine watasusa mwanzoni, usiwape kitu kingine.

Akishagoma kula unatibu maji. Toa makaa kwenye filta kwanza, la sivyo yanafyonza dawa yote. Kidonge kimoja cha 200 kwa lita 30, tangi la lita 180 ni vidonge sita, twanga laini, koroga kwenye maji ya uvuguvugu halafu mwaga. Baada ya siku mbili badili robo ya maji, weka dozi nyingine, fanya hivyo mara tatu. Ongeza pampu ya hewa.

Minyoo ni ishu nyingine na Flagyl haiigusi. Ukiona vinyuzi vyekundu vimechomoza nyuma samaki akiwa ametulia, hiyo ni Camallanus, inataka levamisoli miligramu 2 kwa lita. Kwenye maduka ya mifugo ipo ya maji ya asilimia 1.5, lita 180 zinataka mililita 24, lakini soma lebo mpaka mwisho, nyingi zimechanganywa na dawa nyingine, oksiklozanaidi, hizo acha. Zima taa saa 24, kisha nyonya uchafu wote chini na ubadili maji mengi, maana dawa inawapoozesha minyoo tu, ukiwaacha wanabaki humo humo. Rudia baada ya wiki tatu. Tegu wanatibiwa kwa prazikwanteli.

Kuzuia sasa. Samaki mgeni akae tangi lake peke yake wiki nne, na wavu wake na mpira wake wa kunyonya maji, hata kama muuzaji amekuapia ni mzima. Wa kwangu walioambukiza walitoka kwenye mfuko niliomwaga moja kwa moja tangini jioni ileile niliyowapokea. Badili asilimia 30 ya maji kila wiki, ya bomba yatoe klorini kwanza. Chakula kiwe cha spirulina (aina ya mwani), kidogo mara mbili tatu kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika moja, na wakati wanakula usiondoke, simama mbele ya kioo uhesabu nani anameza na nani anatema.